Chumba cha Juu ya Lango

Nalini alinipigia simu Jumapili moja ya Machi mwaka jana, akaniambia ameuza nyumba yao ya Crystal, pembeni mwa Minneapolis, na anahamia Lakeville kwa mwanawe, na kwamba kwenye stoo ya chini, nyuma ya mashine ya joto, amekuta boksi lenye jina langu. Aliniuliza kama nalitaka au alitupe. Hatukuwa tumesemezana kwa miaka mingi. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini bado ilikuwa na ile haraka ya mtu aliyezeeka akikimbilia zamu za maabara ya hospitali. Nikamwambia naja. Kisha nikakaa kitandani, viatu mkononi, kwa muda ambao sikuupima, kwa sababu nilijua kilichomo katika boksi lile, au nilidhani najua: madaftari matatu ya waya yaliyojaa mwandiko wangu wa ujana, mwandiko wa mtu anayeamini kwamba atakuwa mwandishi na kwamba dunia imekaa kitako inamsubiri. Nimeandika vitabu viwili tangu wakati ule, na hakuna hata kimoja kinachougusa mwaka 2006. Watu wa fasihi huniuliza nilianza lini kuandika, nami huwapa jibu lenye adabu: shuleni, kwenye gazeti la ukutani. Si kweli. Nilianza katika chumba cha mzee wa Kihindi huko Crystal, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na nilianza kwa kuchukua kisichokuwa changu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nasoma fasihi chuoni Minneapolis, na kama wenzangu wote nilikuwa nabeba maboksi, yaani nafanya zile kazi ambazo hatukuwaandikia watu wa nyumbani. Yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Aliyetupangia zamu alikuwa Mkenya, Njeri, mwanamke mwenye simu mbili na kicheko kimoja kikubwa. Februari aliniita ofisini akaniambia kuna mzee Crystal, baba wa mama mmoja wa maabara, macho yanamwisha, ameshafukuza wafanyakazi watatu. "Wa kwanza alimwita Jay," alisema. "Wa pili akampea chai ya baridi. Wa tatu mimi hata sijui alifanya nini. Wewe hujui ku-drive, lakini basi inafika. Na sikiza, Zuhura, huyo mzee anaongea Kiswahili kunishinda." Nikamjibu kwamba hilo halikuwa jambo gumu. Akanicheka, akaniita Mswahili wa kujidai, akaniandikia anwani nyuma ya bahasha.

Nakumbuka chumba kile kuliko ninavyokumbuka vyumba nilivyolala mimi mwenyewe. Kilikuwa nyuma ya nyumba, kina dirisha moja linalotazama uzio wa jirani, na juu ya uzio theluji ilikuwa imekaa kama mkanda mweupe uliopimwa kwa rula. Kitanda, redio, picha ya marehemu mkewe iliyovishwa shada la maua ya plastiki, harufu ya tangawizi na mafuta ya kuchua magoti. Mzee Jayantilal alikuwa amekaa na koti la sufi ndani ya nyumba yenye joto. Nikamwambia shikamoo. Aligeuza uso kunitafuta kwa ile pembe ya jicho iliyokuwa bado inaona, akauliza: "Nani amekufundisha?" Nikamwambia nimezaliwa nayo, Morogoro. "Morogoro," akasema. "Treni ilikuwa inasimama pale, tunanunua ndizi dirishani. Marahaba, mwanangu. Sasa nenda kaweke maji ya chai, na usiniue kwa majani machache." Alikuwa amezaliwa Tabora, nyuma ya duka, akakulia Tabora mpaka miaka thelathini na kitu, akala uyoga wake na asali yake. Kisha akaondoka na mke na binti wa miaka minne kwenda Ahmedabad, kwenye nyumba ya babu yake ambayo yeye hakuwahi kuiona. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki pale alipokiacha, kizima, kama chumba kilichofungwa na fenicha zake. Binti yule wa miaka minne alikuwa ndiye Nalini, na kwake yalikuwa yamesalia maneno matatu tu: njoo, kula, na basi.

Ilianza kwa malalamiko. Mjukuu wake alipewa kazi ya shule, aeleze babu yake anatoka wapi, na mzee akakaa naye mchana mzima akimweleza, na mtoto, aliyekuwa anaelewa nusu na kujibu yote kwa Kiingereza, akaandika neno moja: India. "India," mzee aliniambia siku hiyo, kama mtu aliyetukanwa. "Mimi sitoki India. Mimi natoka kwenye Pol." Akataka nichukue kalamu. Mwandiko wake wa Kigujarati ulikuwa umeshapotea pamoja na macho, Nalini hakuwa na nafasi, na mimi nilikuwa nakaa pale kwa saa sita kila siku nikisubiri chai ichemke. Basi ndivyo historia ya mtaa mmoja wa Ahmedabad ilivyoandikwa kwa Kiswahili, katika daftari la waya, huko Crystal, wakati mashine za kuondoa theluji zinapita barabarani.

Pol, alinieleza, ni mtaa wenye mlango. Wewe fikiria kichochoro kirefu chenye vichochoro vidogo ubavuni, nyumba za mbao zimeegemeana, na mwisho wake hakuna njia. Aliyeingia ndipo atakapotokea. Mbele kuna lango moja, lina milango miwili mizito. Zamani, wakati majambazi wa farasi walipokuwa wanaingia mjini, lango lilifungwa jua likizama. Ndani kuna kisima, kuna hekalu dogo, kuna mnara mwembamba wa kuwekea ndege nafaka. Na kuna Panchi, baraza la watu watano, wanaochaguliwa na wenye nyumba. Panchi ndiyo iliyoamua zamu za kusafisha kisima, nani anafagia, harusi ya nani iingize ngoma siku gani. Huwezi kuuza nyumba yako kwa mtu ambaye Panchi haijamwona uso. Baadaye ukaja utawala wa Waingereza, na manispaa, na mabwana wa afya wenye chokaa na filimbi, ikaja mifereji, yakaja mabomba, na kisima kikafunikwa kwa bamba la chuma; na wakaja wapimaji wa ardhi na minyororo yao, wakaipa kila nyumba namba na kila namba jina la mtu mmoja. "Hapo ndipo tulipoanza kufa," alisema. "Siyo kwa maji machafu. Kwa namba." Alisema hivyo akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na mimi niliandika haraka, nikihisi moto kifuani, ule moto wa kijana anaposikia sentensi nzuri na kujiona kana kwamba yeye ndiye aliyeisema.

Nilimpikia ugali. Nyama hakula, kwa hiyo ilikuwa mchicha wa kugandishwa na siagi ya karanga ya kopo, na alikula kwa mkono, polepole, akifumba macho. Lakini hakukubali kula peke yake hata siku moja. Kama Nalini yuko zamu, basi mimi nikae. Kama sina njaa, nikae vilevile na sahani mbele yangu, nichokoe. Niliona ni upweke wa uzee mpaka aliponieleza. Katika Pol, alisema, adhabu kubwa haikuwa faini wala polisi. Adhabu kubwa ilikuwa sahani. Mtu aliyeikosea Pol nzima, Panchi inaandika azimio, na kuanzia siku hiyo hakuna anayekula naye. Mkewe anampikia, anamwekea, anaondoka. Anasalimiwa, anauziwa, watoto wanacheza na wanawe, lakini anakula peke yake, mpaka watu watano watie saini kumrudisha. Alimkumbuka mmoja aliyefungua lango usiku wa ghasia kwa sababu alihongwa. Alikula peke yake miaka mitatu, na siku aliyorudishwa alishindwa kumeza, akakaa na tonge mdomoni analia. Nami nikamwambia kwamba hapa, nikiwa kwenye basi, naona watu wanakula ndani ya magari yao, mmoja mmoja, taa nyekundu kwa taa nyekundu. Mzee akafikiri. "Wote hao," akauliza, "wamefanya kosa gani?"

Maazimio yote yalikuwa yameandikwa katika daftari moja, na daftari lilikuwa chini ya kitanda chake. Hilo ndilo kosa ambalo lingeweza kufanywa na mtu kama yeye tu. Alikuwa katibu wa Panchi kwa miaka thelathini. Kwa desturi, katibu hakabidhi daftari mpaka katibu mpya achaguliwe mbele ya watu, na alipofiwa na mkewe, naye Nalini akamkatia tiketi, wenye nyumba waliobaki walikuwa wanagombana; nusu yao wameshahamia kwenye maghorofa ya ng'ambo ya mto, hawaji hata kwenye mkutano. Hakuna aliyechaguliwa. Hakuweza kulikabidhi bila kuvunja desturi, wala kuliacha liliwe na mchwa. Akalifunga kwenye shuka akalipakia kwenye sanduku, akaja nalo Minnesota, kama mtu aliyeondoka na ufunguo wa msikiti mfukoni. Lilikuwa kubwa, gamba lake kitambaa chekundu, limeshonwa kwa uzi mweupe, kurasa zake za mwanzo zimekuwa na rangi ya chai. Nililisogeza karibu na jicho lake zuri na lenzi, yeye akisoma azimio kwa Kigujarati, kisha analigeuza kwa Kiswahili cha Tabora. Kila azimio liliisha kwa maneno yaleyale: Pol imesikia. Mpaka leo nikiandika sura nikaiona haina mwisho, sikio langu husubiri maneno hayo.

Azimio alilolipenda kuliko yote lilihusu chumba cha juu ya lango. Humo alikaa bawabu, kizazi baada ya kizazi. Bawabu wa mwisho alipokufa, manispaa ilikuwa imeshaweka taa na polisi, na hakuna aliyehitaji bawabu, lakini mkewe, Kashi, alikuwa hana mtoto wala ndugu. Panchi ikakaa, na katibu Jayantilal akaandika kwa mkono wake: mama huyu akae juu ya lango mpaka pumzi yake ya mwisho, na asiwepo wa kumwambia shuka. Ndiyo haki pekee aliyokuwa nayo Kashi duniani. Chumba hakikuwa na namba, kwa sababu wapimaji walipima kilichosimama juu ya ardhi, na chumba kile kinaning'inia juu ya njia, juu ya vichwa vya wapitao. Kwenye ramani ya manispaa hakimo. Kimo ndani ya daftari tu. Mzee alinisimulia jinsi Kashi anavyoketi dirishani akichambua mchele, anavyomtaja kila anayeingia kwa jina la baba yake, anavyowakaripia wajomba wazima kwa kuchelewa kurudi. Wakati ule alikuwa amefikia miaka themanini. Kila Jumamosi mzee alimpigia mpwa wake, Harish, ambaye bado aliishi ndani ya Pol, na swali lake la kwanza lilikuwa kama Kashi amekula.

Novemba, Harish ndiye aliyepiga. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amenunua nyumba tatu zilizo karibu na lango, moja baada ya nyingine, kutoka kwa waliohamia, azigeuze kuwa maghala ya nguo. Na sasa anasema chumba cha juu ni chake kwa kuwa kimeegemea ukuta wake. Kesi imepangwa katikati ya Desemba. Mwamuzi ameambiwa kuhusu azimio, akasema sawa, aone daftari. Si picha yake, si karatasi ya faksi, daftari lenyewe. Mzee alisikiliza simu ikiwa imebanwa sikioni kwa mikono miwili, na nilimwona akinyooka mgongo, akawa katibu tena mbele ya macho yangu. Nalini alikuwa na zamu za mfululizo. Basi kazi ikawa yangu: Ijumaa ile nilifungiwa daftari kwenye shuka lilelile na mfuko wa nailoni juu yake, niondoke nalo, na Jumatatu asubuhi nilipeleke posta karibu na chuo, litumwe kwa njia ya haraka. Mzee alinishika kifundo cha mkono mlangoni. "Mwanangu," alisema, "humo ndani yuko mtu."

Nimejaribu mara nyingi kuandika siku tisa zilizofuata Jumatatu ile kwa namna itakayonipa nafuu, na kila mara sentensi inakataa. Sikuumwa. Barabara hazikufungwa. Nilikuwa na mwalimu ambaye nilimwonyesha kurasa kumi na tano nilizotafsiri kwa Kiingereza kutoka madaftari yangu, na Alhamisi, siku moja kabla ya kukabidhiwa daftari, alikuwa ameniita chumbani kwake, akafunga mlango, akaniambia: hiki ni kitabu, na ni chako. Sikuwa nimewahi kuambiwa kitu ni changu katika nchi ile. Ijumaa ile nikarudi chumbani nalo, nikalifungua shuka kitandani, nikalitazama daftari lile lenye kurasa zaidi ya mia tatu, ambazo mimi na mzee tulikuwa hatujafika hata nusu yake. Nikaona waziwazi kwamba likiondoka halitarudi, na kitabu changu kitaondoka nalo. Nikasema nitalitoa nakala kwanza. Jumatatu yote, nimalize. Lakini kurasa zilikuwa dhaifu kama ngozi ya kitunguu, na mashine ya maktaba ilizitoa nyeusi, ikabidi nizilaze moja moja chini ya kioo, nishushe kifuniko kwa vidole, nirudie. Jumatatu nilifika ukurasa wa arobaini. Jioni mzee alipiga simu kuuliza. Nikamwambia nimeshapeleka. Ilitoka kirahisi, kwa Kiswahili safi, na nilikuwa nimesimama, nakumbuka, mbele ya dirisha la maktaba, na vijana chini yangu walikuwa wanarushiana theluji. "Mungu akuweke," akasema. Nilimaliza Jumatano ya wiki ya pili. Nililifunga kwenye shuka lake, nikalipeleka posta, na karani akaligonga muhuri, tarehe ikasomeka vizuri.

Wiki zile niliendelea kwenda Crystal. Nilichemsha chai, nikampaka mafuta magotini, nikasikiliza naye redio, naye alihesabu kwa vidole mahali daftari lilipofika: sasa liko angani, sasa liko Mumbai, sasa Harish amelishika. Alinichekesha. Alisema Kashi atamwambia mwamuzi avue viatu. Alisema akishinda atamwandikia halmashauri ya mji huu azimio, kwa sababu jirani yake alibandikiwa karatasi mlangoni kwa kutoondoa theluji njiani, na hakuna hata mtu mmoja wa mtaani aliyegonga kumuuliza kama anaumwa. "Mtaa gani huu," alisema, "unaozungumza na mtu kwa gundi?" Nami nilicheka, na ndani ya begi langu, chini ya vitabu vya chuo, nilikuwa na nakala za kurasa mia tatu zenye maandishi nisiyoweza kuyasoma bila yeye.

Harish alipiga simu asubuhi ya Jumanne. Nilikuwa jikoni. Nilisikia mzee akisema haan, haan, yaani ndiyo, ndiyo. Daftari lilikuwa limefika siku mbili baada ya kesi. Mwamuzi alingoja nusu saa, akasema kisicho na karatasi hakipo. Kashi alishushwa siku iliyofuata, kwa heshima, Harish alisema, hawakumgusa. Walibeba godoro na sufuria zake mpaka chini ya mnara wa ndege, naye akateremka mwenyewe akishika ukuta. Alikaa pale siku nne, hataki kuingia kwa mtu yeyote, anasema anasubiri katibu. Siku ya tano alipelekwa kwenye nyumba ya wajane nje ya mji, na huko hakumaliza mwezi. Lakini hilo tulilijua baadaye. Siku ile mzee aliweka simu chini, akaipapasa mpaka akahakikisha imekaa sawa. Aliniita. Nikasimama mlangoni na mwiko mkononi. "Ulisema Jumatatu," alisema. Nikasema ndiyo, Jumatatu. Alinitazama kwa ile pembe ya jicho kwa muda mrefu. Sijawahi kutazamwa vile tena. "Basi ni njia," alisema. "Njia imekuwa ndefu."

Hatukuandika tena. Nilipoleta daftari la waya alisema kichwa kimechoka. Na tangu wiki ile akaanza kulia chakula chumbani. Nalini aliona ni magoti, alinunua meza ndogo ya kitandani, nami nikawa namwekea sahani, naye ananiambia, bila ukali, "Nenda mwanangu, funga mlango." Niliona ni huzuni, na niliona ni uzee, na zaidi ya yote niliona nimepona, kwa sababu sikulazimika kukaa mbele yake na sahani. Siku moja ya Januari nilisahau kitambaa, nikarudi bila kugonga. Alikuwa amegeukia ukuta, anatafuna polepole sana, kama anayetekeleza jambo. Nikafunga mlango taratibu. Alikufa mwishoni mwa Februari, mchana, usingizini, redio ikiwa inasema. Nalini alinikumbatia msibani, akaniambia kwamba baba yake hakuwahi kumpenda mfanyakazi kama alivyonipenda mimi. Nakala zile niliziacha kwenye pipa la karatasi la maktaba, pale pale nilipozitoa, na kitabu sikukiandika. Nilidhani hiyo ilikuwa adhabu. Kijana hujipangia adhabu ambayo yeye mwenyewe anaweza kuibeba.

Basi Jumapili ile ya Machi nilikwenda. Ilikuwa saa saba mchana. Nyumba ilikuwa tupu, imebaki na sauti. Chumba cha nyuma kilikuwa na alama nne za miguu ya kitanda kwenye zulia na boksi langu katikati. Nalini, nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa, alikuwa amebakiza sufuria moja na sahani mbili, na ndani ya sufuria mna khichdi, wali na dengu. Akapakua, akaweka sahani juu ya boksi jingine, akaniambia, kwa kujichekesha, neno lake moja kati ya matatu: "Kula." Tukakaa sakafuni. Kabla ya tonge la kwanza nilifungua boksi. Madaftari yalikuwa matatu, kama nilivyokumbuka. Nikapitisha kidole kwenye la mwisho mpaka pale mwandiko wangu unapokoma, na baada ya kurasa tupu kadhaa nikakuta ukurasa ambao haukuwa wangu. Ulikuwa kwa Kigujarati, herufi kubwa kama za mtoto, zinashuka upande mmoja, mstari unapanda juu ya mstari. Chini yake kulikuwa na mistari mitano iliyochorwa kwa rula. Yote mitano ilikuwa wazi.

Nalini alivaa miwani. Alisema ni mwandiko wa baba, akashangaa, hakujua kwamba alikuwa bado anaweza. Akaanza kunisomea, akigeuza kwa Kiingereza kadiri anavyokwenda, na mimi naandika hapa kama mzee mwenyewe ambavyo angesema. Azimio. Katibu aliondoka na daftari la watu, akalivusha bahari, wakati mahali pake ni juu ya lango. Kwa sababu hiyo mama Kashi ameshushwa. Harish anasema muhuri wa posta umegongwa siku tisa baada ya siku niliyoambiwa na binti wa Morogoro. Nalini alikatisha hapo. Akarudia mstari ule, kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha akaendelea, sauti ikiwa chini. Binti ni mgeni wa Pol na hakuapishwa. Aliyetumwa hana kosa mbele ya aliyetuma. Sitamuuliza mara ya pili. Katibu atakula peke yake kuanzia leo, mpaka watu watano watie saini. Hapakuwa na kitu kingine. Yale maneno ya mwisho, yale ya kila azimio, hakuyaweka.

Sikujitetea. Nilimwambia Nalini kwamba ni kweli, zilikuwa siku tisa, na nikamwambia nilikuwa nafanya nini katika siku hizo. Ilichukua sentensi nne. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaikunja. Aliutazama ukuta ule ambao baba yake alikuwa anaugeukia, na nikaona anahesabu kitu, miezi ile miwili na nusu, sahani moja moja, milango aliyoifunga yeye mwenyewe akidhani anamsitiri mgonjwa. Dirishani theluji ya mwisho ilikuwa inachuruzika kwenye uzio. "Basi," alisema. Hakulisema kwa hasira. Alichukua sahani yake, akashika ukuta, akasimama, akaenda jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

Nilikisikia kijiko chake upande wa pili. Nikageukia ukuta, nikavuta sahani yangu, nikala.